Kwa Nini Wakulima wa Marekani Wanashindania Matrekta ya 1979

Leo nataka tuzungumze kuhusu matrekta. Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu na tarakilishi, lakini vumilieni kidogo. Trekta la siku hizi ni tarakilishi yenye magurudumu, na ugomvi unaolizunguka unatuhusu sisi tunaoandika programu kuliko tunavyopenda kukubali.

Tuanze na bei. Mwezi Agosti 2019, kwenye mnada katika mji mdogo wa Bingham Lake, jimbo la Minnesota, trekta la John Deere 4640 lililoundwa mwaka 1979 liliuzwa kwa dola 61,000. Lilikuwa na umri wa miaka 40, na injini yake ilikuwa imefanya kazi saa 826 tu. (Umri wa trekta huhesabiwa kwa saa za injini, si kwa kilomita.) Halikuwa jambo la siku moja. Miaka hiyo wenye minada katika majimbo ya mahindi na soya waliona wakulima wakishindania matrekta ya miaka ya 1970 na 1980 yaliyotunzwa vizuri, hasa John Deere 4430, 4440 na 4640. Wengi wao hawakuwa wakiyatafuta ya kuweka makumbusho. Walikuwa wakiyatafuta ya kulima.

Sasa jiulize: mkulima aliye katika nchi yenye viwanda vikubwa, mwenye benki ya kumkopesha, anatafuta nini kwenye chuma cha miaka 40? Jibu la haraka ni kwamba trekta jipya ni ghali mno. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni historia ndefu ya nani anaruhusiwa kulifungua trekta na kulitengeneza. Historia hiyo naianzia mwaka 1919.

MKULIMA ALIYEUZIWA JINA

Wilmot Crozier alikuwa mkulima wa kaunti ya Polk, Nebraska. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alinunua trekta lililoandikwa jina Ford. Kila mtu alilijua jina hilo. Kumbe kampuni iliyoliuza, yenye makao yake Minneapolis, haikuwa na uhusiano wowote na Henry Ford wa magari. Ilikuwa imempata mtu mwingine anayeitwa Ford, ikatumia jina lake. Trekta lenyewe lilikuwa bovu. Crozier akanunua la kampuni nyingine, nalo likamwangusha. La tatu, la kampuni ya Rumely, ndilo lililofanya kazi iliyoahidiwa na zaidi.

Wengi wetu tungelalamika sokoni yakaisha. Crozier aliingia bunge la jimbo lake, na mwaka 1919 sheria ikapitishwa. Ilisema hivi: hakuna aina mpya ya trekta itakayouzwa Nebraska kabla wahandisi wa chuo kikuu cha jimbo, mjini Lincoln, hawajalipima na kuona kama nguvu inayotangazwa ndiyo nguvu iliyopo. Sheria hiyo ilidai jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau: kampuni lazima iwe na huduma ya vipuri inayofikiwa na mkulima wa jimbo hilo.

Trekta la kwanza kumaliza mtihani huo, mwaka 1920, lilikuwa Waterloo Boy Model N. Kampuni iliyoliunda ilikuwa imenunuliwa na John Deere mwaka 1918. Kwa hiyo kampuni hii ambayo baadaye ilishtakiwa kwa kuwafungia wakulima ukarabati ilianza biashara ya matrekta chini ya sheria iliyosema mnunuzi apewe ukweli na apate vipuri. Tukumbuke hilo tunapoendelea.

INJINI ISIYOOMBA RUHUSA

Miaka hamsini iliyofuata ilikuwa miaka ya matrekta kurahisishwa. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, alileta mikono mitatu ya kubebea plau inayoinuliwa kwa haidroliki. Trekta na plau vikawa kitu kimoja. Mwaka 1938 yeye na Henry Ford (safari hii Ford mwenyewe) walipatana kwa kupeana mikono tu, bila mkataba, na trekta la Ford 9N likatoka 1939. Makubaliano yale yalivunjika wakaishia mahakamani, na mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Lakini mikono mitatu ilibaki. Karibu kila trekta unaloliona leo nyuma yake lina wazo la Ferguson.

Kutoka kwa ukoo huo ndiko alikozaliwa Massey Ferguson 135, aliyezinduliwa mwishoni mwa 1964. Injini yake maarufu ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Nguvu yake ni kama farasi 45. Hebu tutazame inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo siri ilipo.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa inagandamizwa ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, kisha mafuta yananyunyizwa yanawaka yenyewe. Kinachohitajika ni pampu ya kusukuma mafuta kwa presha kubwa kwa wakati barabara. Kwenye 135 pampu hiyo inazungushwa na gia za injini yenyewe. Ikishawaka haihitaji umeme hata kidogo. Betri ikifa, unalisukuma kwenye mteremko, unaachia klachi, linawaka. Ukitaka kulizima unavuta kifundo kinachokata mafuta.

Likikataa kufanya kazi, maswali ni machache. Mafuta yanafika? Yana hewa ndani? Hewa inapita? Mgandamizo upo? Fundi mwenye spana, sikio zuri na subira atapata jibu. Lile John Deere 4440 la Marekani ni kubwa zaidi, silinda sita, lita 7.6, farasi kama 130 kwenye shimoni ya nyuma ya kuendeshea mashine. Lakini maswali yake ni yale yale.

Kwa lugha yetu ya programu, injini hizi huharibika pole pole. Nozeli ikichakaa, moshi unaongezeka na nguvu inapungua, lakini shamba linamalizika. Hakuna sehemu yoyote ndani yake inayoweza kuamua kwamba leo hulimi.

MOSHI NAO UNA KESI YAKE

Hapa nawaomba wapenzi wa vitu vya kale wanisikilize, kwa sababu hadithi hii mara nyingi husimuliwa upande mmoja, kana kwamba serikali iliamka asubuhi ikaamua kuwasumbua wakulima.

Moshi wa dizeli una vitu viwili vibaya sana. Cha kwanza ni masizi, chembe ndogo zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Cha pili ni gesi za nitrojeni oksaidi, zinazosaidia kutengeneza ukungu mchafu wa mijini. Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na anayeuvuta zaidi moshi wa trekta ni nani? Ni yule anayeliendesha.

Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilianza kuweka mipaka kwa injini za mashambani na za ujenzi kwa kanuni za mwaka 1994. Hatua ya kwanza ilianza kutumika 1996. Ikafuata ya pili, ya tatu, kisha mwezi Mei 2004 ikatangazwa ya nne, iliyoingia kwa awamu kati ya 2008 na 2015. Angalia tarakimu za injini kubwa. Katika hatua ya kwanza ziliruhusiwa gramu 9.2 za nitrojeni oksaidi kwa kila kilowati-saa ya kazi. Katika hatua ya nne ni gramu 0.4. Masizi yalishuka kutoka gramu 0.54 hadi 0.02. Hiyo ni zaidi ya mara ishirini kwa vyote viwili. EPA ilikadiria kwamba kufikia 2030 kanuni hiyo ya nne ingezuia vifo 12,000 vya mapema kila mwaka.

Kwa hiyo mkulima anayenunua 4440 anajinunulia uhuru, lakini pia anajinunulia moshi, na majirani hawakuulizwa. Tusiifiche hiyo.

MTUNGI WA YUREA NA TARAKILISHI INAYOHESABU SAA

Tatizo la wahandisi lilikuwa gumu. Ukichoma mafuta kwa joto kali, masizi yanapungua lakini nitrojeni oksaidi inaongezeka. Ukipunguza joto, nitrojeni oksaidi inashuka lakini masizi yanapanda. Ni kama kuvuta shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Wakatumia njia tatu. Kwanza, kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto. Pili, chujio kwenye bomba la moshi linalonasa masizi, kisha kila baada ya muda linapashwa moto mkali ili masizi yaungue. Tatu, kunyunyiza ndani ya bomba la moshi maji yenye asilimia 32.5 ya yurea. Ndiyo, yurea ile ile unayoijua kama mbolea, ila hii ni safi sana. Joto linaigeuza kuwa amonia, na amonia inageuza nitrojeni oksaidi kuwa nitrojeni ya kawaida na maji. Kwa mkemia ni kazi nzuri sana.

Lakini maji hayo huganda kwenye baridi ya nyuzi 11 chini ya sifuri. Minnesota wakati wa baridi hiyo ni hali ya kawaida tu. Basi mtungi unahitaji hita, hita inahitaji sensa, pampu ina sensa, ubora wa yurea una sensa, joto la bomba lina sensa, gesi inayotoka ina sensa. Na serikali ilikuwa na hofu ya haki: je, mkulima akiacha kuweka yurea ili aokoe pesa? Ndipo kompyuta ya injini ikapewa kazi ya polisi. Yurea ikiisha, au sensa ikisema mambo si sawa, inatoa onyo, inahesabu muda, kisha inapunguza nguvu ya injini hatua kwa hatua.

Mimi huandika programu, na sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma. Programu haioni moshi. Inaona namba kutoka kwenye sensa. Sensa ikiharibika au waya ukitafunwa na panya, programu inaweza kufikia uamuzi ule ule: punguza nguvu. Injini nzima, bomba safi, yurea imejaa, na trekta linatambaa kama kobe katikati ya mavuno huku mawingu yakikusanyika. Mavuno hayangoji. Siku tatu za mvua zinaweza kula faida ya msimu.

Hata hivyo, hilo peke yake lingevumilika kama mkulima angeweza kubadilisha sensa, akafuta kosa kwenye kompyuta, akarudi shambani. Hapo ndipo tunarudi kwa Crozier.

NANI ANA UFUNGUO?

Kwenye trekta jipya, kufunga kipuri si mwisho wa kazi. Mara nyingi kompyuta lazima iambiwe kwamba kipuri kipya kipo na ni halali, na programu kamili ya kufanya hivyo ilikuwa mikononi mwa wauzaji walioidhinishwa na kampuni. Kuvunja kufuli hiyo mwenyewe kuligongana na sheria ya hakimiliki ya dijitali ya Marekani ya mwaka 1998, iliyotungwa kuzuia wizi wa filamu na muziki. Mwaka 2015, serikali ilipokuwa ikipokea maoni kuhusu sheria hiyo, John Deere iliandika kwamba anayenunua chombo anapata leseni ya kuitumia programu iliyo ndani yake. Yaani chuma ni chako, lakini akili ya chuma si yako. Oktoba mwaka huo msamaha ulitolewa kwa wenye magari na matrekta, lakini kuruhusiwa kuvunja kufuli si sawa na kupewa ufunguo.

Mwaka 2017 waandishi wa habari wakaripoti kwamba wakulima wa Marekani walikuwa wakitumia programu za John Deere zilizovunjwa kufuli kutoka Ukraine ili kutengeneza matrekta yao wenyewe. Agosti 2022, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON mjini Las Vegas, mtafiti anayejulikana kama Sick Codes alifungua kompyuta ya skrini ya John Deere mbele ya watu, na kwa kunogesha akacheza mchezo wa Doom juu yake.

Mwaka huo huo tuliona upande mwingine wa ufunguo. Mashine za mamilioni ya dola ziliibwa na wanajeshi wa Urusi kutoka kwa muuzaji wa mjini Melitopol, Ukraine, zikapelekwa mpaka Chechnya. Walipofika hazikuwaka. Zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Watu wengi walishangilia, na ni rahisi kuona kwa nini. Lakini anayeandika programu lazima aulize swali la pili: ikiwa mashine inaweza kuzimwa ikiwa mikononi mwa mwizi, je, haiwezi kuzimwa ikiwa mikononi mwa mwenyewe?

Kampuni zilikuwa na utetezi: zilisema sheria ya hewa safi inazilazimu kufunga, la sivyo wakulima watang'oa vyujio. Mwezi Agosti 2023 mkuu wa EPA wa wakati huo, Michael Regan, aliwaandikia wakulima kwamba sheria hiyo haizuii ukarabati huru. Kumbe hewa safi na kufuli ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa kwenye furushi moja. Colorado ilikuwa tayari imepitisha sheria ya haki ya kutengeneza mashine za kilimo mwezi Aprili 2023, ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara, FTC, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki John Deere kwa madai ya kuhodhi ukarabati. Kampuni ilikana, na Julai 2025 ikatoa programu mpya ya ukarabati kwa wateja wake. Mwezi uliofuata EPA ikatoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji wabadilishe programu ili tatizo la yurea lisiangushe nguvu ya mashine ghafla.

Pima muda. Kutoka kanuni ya 2004 hadi mwongozo wa 2025 ni miaka 21. Mkulima aliyenunua 4440 hakuwa na miaka 21 ya kusubiri.

NA HUKU KWETU?

Kenya hatuna sheria kama ile ya hatua ya nne kwa matrekta. Lakini jambo hili linatugusa kwa njia moja ya kiufundi. Chujio la masizi na vifaa vyake vimetengenezwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 15 za salfa kwa milioni. Kiwango tulichokubaliana Afrika Mashariki, kilichoanza Januari 2015, kilikuwa sehemu 50. Ilikuwa hatua kubwa kutoka tulikotoka, lakini haikuwa 15. Trekta lililoundwa kwa ajili ya Iowa likiletwa hivi hivi Kitale kwa kiwango hicho lingekunywa mafuta ambayo halikuandaliwa, na fundi wa karibu hana programu ya kulifungua.

Fundi huyo anaijua Massey Ferguson. Amejifunza kwa mkono, kwa kumtazama fundi mwingine, bila kuomba leseni kwa mtu. Maarifa hayo ni mali ya nchi, ingawa hayaandikwi kwenye bajeti. Siku moja sheria za moshi zitafika huku, na mimi nazitaka zifike, maana watoto wetu wana mapafu kama ya wengine. Swali ni kama zitafika na kufuli au bila kufuli.

UKINIULIZA MIMI

Ukiniuliza mimi, nadhani wakulima hawa wanasomwa vibaya. Wengine huwaita watu wanaoogopa teknolojia. Si kweli. Kuna mkulima wa Alberta, Kanada, Brian Tischler, aliyeanzisha programu huria iitwayo AgOpenGPS, inayotumia setilaiti kuongoza trekta kwa mstari ulionyooka. Mtu anaweza kuifunga kwenye trekta la zamani, akasoma msimbo wake wote na kuubadilisha akitaka. Hao si watu wanaoikimbia kompyuta. Wanaikimbia kompyuta ya mtu mwingine iliyokaa ndani ya mali yao.

Chujio la masizi halikuhitaji siri. Yurea haikuhitaji siri. Trekta safi lenye kitabu wazi cha ukarabati lingewezekana tangu mwanzo, na kama lingekuwepo, la 1979 lingebaki kuwa la maonyesho na hewa ingekuwa safi zaidi. Kufuli iliwarudisha watu kwenye moshi. Hiyo ndiyo hasara ambayo haikuhesabiwa na mtu.

Crozier alielewa jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kuuza mashine ni kuuza pamoja na uwezo wa kuiendeleza. Sisi tunaoandika programu za mashine tukumbuke kwamba kila tunapoandika mstari unaosema "simama", kuna mtu mahali fulani atakayesimama nao, mahindi yake yako nje, na mvua inakuja.